Nywele za Anyesi

Anyesi aliushika mkono wenye mkasi, akausukuma pembeni.

"Mayu, mama yangu, ni kishungi kidogo tu cha kisogoni," alisema Gloria, binti wa utafiti, ambaye alikuwa mgeni katika kazi hiyo. "Hata hakitaonekana."

"Nywele hizi zina zamu yake," alisema Anyesi, akafunga kitambaa chake upya. "Mrudisheni kwanza Magese."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni barazani pa zahanati wakaangua kicheko.

Kila mwaka gari la utafiti lilitoka Bariadi likaja Kalemela. Walikata nywele za watu wanaokula samaki wa ziwani, wakazipeleka ng'ambo kupimwa zebaki, na zilizobaki zikahifadhiwa huko. Walisema nchi nyingi zinafanya hivyohivyo, na kwamba watu walewale watafuatwa hadi uzeeni, kwa sababu sumu ya namna hiyo haina haraka. Mwaka wa kwanza Magese, mume wa Anyesi, ndiye aliyetangulia kukaa kwenye kigoda.

"Kateni," aliwaambia, "ila masikio mniachie. Mke wangu bado anayatumia."

Mvua za mwaka uleule Magese aliingia ziwani na mtumbwi wake, hakurudi. Mtumbwi haukuonekana. Wala yeye.

"Yuko Ukerewe huyo," Mektilda, jirani, alimwambia Gloria kwa sauti ambayo Anyesi asingeikosa. "Ana mwanamke huko. Sasa mwenzetu huyu kila likija gari lenu analidai mume, utadhani nyinyi ndio mliompakia."

"Walimpakia," alisema Anyesi.

Wakacheka tena.

Kicheko alishakizoea. Alichoshindwa kuzoea ni misiba ya watu. Hakujua akae wapi. Wajane walimwambia, wewe mumeo yu hai, hujamzika. Wenye waume walimtazama kama mtu aliyekuja kuazima. Wafiwa walipokuwa wakinyolewa yeye alisimama nyuma na kitambaa chake kichwani, kisha akarudi nyumbani peke yake. Boniventura, shemeji yake, mkubwa wa ukoo, hakutaka hata jina la mdogo wake litajwe. "Aliyekimbia mji wake hana mji," alisema, na akishasema hivyo watu hubadili mazungumzo.

Nyumbani kwa Anyesi sahani iliyotumika ilikuwa moja. Redio ya Magese, ambayo mwenyewe alikuwa akienda nayo hadi chooni, ilikaa juu ya kabati. Betri zikivuja Anyesi alizitupa, akaweka mpya, akaiwasha kidogo, akaizima.

Siku ile, baada ya kazi, Gloria alimfuata nyumbani.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Pita."

Gloria alikuwa mtoto wa Migato, Kisukuma alikijua, na mambo mengine hayasemeki vizuri kwa lugha ya zahanati. Waliongea jikoni, kwa sauti ya chini, mpaka moto ukazimika bila mtu kuuchochea. Mektilda, aliyepungukiwa chumvi ghafla, aliambulia maneno machache tu mlangoni. Yalikuwa ya Gloria:

"Nitamtafuta, mayu. Nikimpata, nitamleta mwenyewe."

Jua lilipozama Kalemela nzima ilikuwa na habari. Anyesi hakumsahihisha mtu.

Pamba ikavunwa, ikauzwa. Watu wakasahau. Halafu asubuhi moja simu ya Anyesi ikaita akiwa anaanika dagaa. Alisikiliza, akasema "Ee," akakata, akaketi juu ya dagaa bila kujua.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Boniventura.

"Shemeji, Magese anakuja Jumamosi. Waite watu wa ukoo."

"Nitawaita," alisema Boniventura. "Na fimbo nitaichonga leo hii."

Jumamosi Anyesi alifagia uwanja, akapika wali na sato, akatandika mkeka mpya katikati, akakataza mtu yeyote kuukalia. Watu walijaa. Wengine ni wa ukoo, wengine walikuja kuchungulia tu, na hao ndio waliowahi kufika. Mektilda alipata nafasi ya mbele.

"Na huyo wa Ukerewe naye anakuja?" aliuliza.

"Kula wali, Mektilda," alisema Anyesi.

Boniventura alisimama pale magari yanapoingilia, fimbo mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. "Nataka anitazame machoni tu," aliwaambia waliokuwa karibu. "Wala simpigi sana."

Gari likaingia. Mlango ukafunguliwa, akashuka Gloria. Watu wakanyoosha shingo kutazama nyuma yake. Viti vilikuwa vitupu.

"Yuko wapi?" aliuliza Boniventura.

Gloria alimpita, akaenda hadi kwa Anyesi, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili kifuko kidogo ambacho kingeenea kwenye kiganja cha mtoto. Anyesi akakifungua. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele nyeusi tii, kimefungwa uzi wenye kikaratasi cha jina la Magese.

Akakilaza katikati ya mkeka. Akavua kitambaa, akaketi chini mbele yao wote.

"Leteni wembe," alisema. "Na wewe shemeji, iweke hiyo fimbo. Chukua jembe."