Kioo Mbele ya Mizani

Verna hakukitaka kioo cha kukuzia, lakini bintiye alikwisha kukibandika mbele ya mizani ya baruti.

"Mama, unakodoa macho kama bundi mchana."

"Mizani hii niliisoma kabla hujazaliwa, wewe!"

Hata hivyo aliinama. Alama zikanenepa, na jiwe dogo la mizani, ambalo hakuligusa tangu jana, lilikuwa limekaa alama tatu mbele ya pale alipodhani.

Risasi zote alizojaza jana zilikuwa na baruti ya kupita kiasi, zingeweza kuipasua bunduki, na mumewe alikuwa nazo mlimani, juu tu ya nyumba yao, akivizia kulungu.

Akakimbilia pikapu, akanyoosha mkono kwenye honi.

"Mama, honi itawatimua kulungu! Baba amekingoja kibali cha kuwawinda miaka tisa!"

Verna akaikandamiza honi kwa viganja vyote viwili.