Simu Arobaini Zisizosikika

Jino la kwanza liliangukia juu ya simu namba kumi na saba. Chaja aliliondoa upesi kwa upindo wa gauni lake, kisha akainama kuhakikisha wimbo haujasimama.

"Usiniharibie hesabu, Bonge!" alifoka. "Mpigie kule dirishani."

Bonge akamburuta mtu aliyekuwa akimpiga hadi dirishani, akamwongezea ngumi nyingine.

Simu arobaini zilikuwa zimepangwa mezani, safu kwa safu, kila moja ikionyesha picha ileile: mwanamume aliyevaa barakoa ya chuma, ile ya wachomeleaji, cheche zikiruka nyuma yake. Huyo ndiye Fundi Moto, mwimbaji wao. Hakuna shabiki aliyewahi kuuona uso wake.

Simu zote zilikuwa zinacheza, lakini chumba kilikuwa kimya. Simu ikizimwa sauti, kampuni ya muziki wa mtandaoni haiihesabu. Kwa hiyo Kamanda, kiongozi wa kundi lao la mashabiki, alikata nyaya za hedifoni arobaini, akachomeka kwenye simu vichwa vyake vya chuma tu. Kila simu ilidhani ina masikio ya mtu. Wimbo ulienda sekunde thelathini na tano, muda wa kutosha kuhesabiwa, ukarudi mwanzo. Ilikuwa hivyo tangu ulipotoka juzi alfajiri, na hakuna aliyetoka humo ndani isipokuwa kwenda chooni.

"Tutausikiliza ukishika namba moja," Kamanda alikuwa amewaapisha. "Kabla ya hapo, mwenye masikio ayafunge. Kila simu ni ya kuhesabiwa."

Sasa ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Chati ingetoka saa sita. Wimbo ulikuwa namba mbili, ukiachwa kwa mara elfu mbili tu na ule wa binti wa kundi pinzani. Wimbo uliopita nao ulikwama namba mbili. Wapinzani walimzomea Kamanda mtaa mzima, akajifungia bafuni akalia kama mtoto. Chaja, mdogo wake, alimsikia. Hakumwambia mtu.

Leo, robo saa iliyopita, mtu huyu alikuwa amepiga hodi kwa adabu. Alipoziona simu, alishika kichwa.

"Ndugu zangu, zimeni hizi simu. Kampuni imeshajua. Saa sita ikizikuta zinacheza, wimbo utafutwa. Na mimi..."

Bonge hakumwacha amalize.

"Katumwa na wale," Kamanda alisema. "Wameona tunawapita, wanaleta vitisho. Mfunge."

Wakamfunga kwenye kiti kwa waya wa chaja, mdomo wakauziba kwa selotepu pana ya maboksi. Mikono yake ilikuwa na madoa madogo meusi ya kuungua, mengi, hadi kwenye viwiko.

"Huyu kapigana na karai la mafuta, akashindwa," Bonge alisema, akacheka peke yake.

Kamanda alimshika nywele. "Nani kakutuma?"

"Kaka, atakujibu vipi na selotepu mdomoni?" Chaja aliuliza.

"Sitaki jibu. Nataka saa sita ifike." Akampiga teke la mbavu, kiti kikayumba.

Mtu yule alizitazama simu, kisha akamtazama Chaja. Akavuta pumzi kwa pua iliyojaa damu, akaanza kuimba puani. Sauti tatu zikipanda kama ngazi, kimya, kisha moja ndefu ikishuka. Akarudia. Akaelekeza kidevu kwenye simu zilizokuwa mezani, akarudia tena.

"Anatukejeli," alisema Bonge. "Anaimba ule wa yule binti wao."

"Si wa binti. Wa binti naujua mimi." Chaja alisogea karibu. "Kaka, nimbandue kidogo. Kuna kitu anataka kusema."

"Gusa hiyo selotepu uone. Nitakutafutia kiti na wewe."

Chaja akarudisha mkono.

Mtu yule aliongeza sauti. Mishipa ya shingo ilimtoka, machozi yakamchuruzika yakachanganyika na damu. Tatu zikipanda, kimya, moja ikishuka. Katika chumba cha chini yao, cherehani ya mama mshonaji ikanyamaza. Wote watatu wakatazama sakafu. Mama huyo alikuwa mwepesi wa kupiga simu polisi.

"Mnyamazishe," Kamanda alinong'ona.

Bonge alichukua bomba la chuma lililokuwa nyuma ya mlango. Akasita.

"Nipe mimi," Kamanda alisema. "Wewe una mwili wa bure."

Alilizungusha mara moja tu. Lilimpata kooni. Kitu kilivunjika humo ndani, kama kijiti kikavu chini ya kiatu, na ule wimbo wa puani ukakatika. Mtu yule alikoroma, kichwa kikaangukia kifuani. Pumzi ilimtoka kwa mlio mwembamba, kama tairi lenye pancha.

Cherehani ikaanza tena.

Chaja alirudi mezani. Alibadilisha chaja za safu ya tatu, kisha ya nne. Kazi ikaendelea mpaka saa sita.

Chati ikafunguka. Fundi Moto, namba moja.

Bonge alimnyanyua Kamanda hadi kichwa kikagonga dari. Kamanda alilia, safari hii mbele ya watu, bila aibu. Alimkumbatia mdogo wake, shati lake likamwachia damu shavuni.

"Haya, sasa tusikilize!" alisema. "Chomoa wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye hukulala. Uwe wa kwanza kuusikia."

Chaja aliichukua simu namba kumi na saba, akachomoa kile kichwa cha hedifoni, akasubiri wimbo urudi mwanzo.

Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Mwanamume aliimba puani: sauti tatu zikipanda kama ngazi, kimya, kisha moja ndefu ikishuka.