Kilo Nane na Nusu

Lusajo, mwanafunzi wa kompyuta, alikuwa kwenye wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo katika shirika la lishe ya watoto alipoona mstari ambao namba zake hazibadiliki. Mtoto Tusekile: kilo nane na nusu, miezi saba mfululizo.

"Mama Skola, huyu hapimwi," alimwambia mhudumu aliyejaza daftari. "Mnanakili tu ya mwezi uliopita."

"Alifariki mwezi wa pili," Mama Skola alijibu. "Mama yake bado anakuja. Tukiita jina la mtoto anainuka, anaona tumeandika, anakwenda zake. Tusipoliita hatoki kwenye benchi."

Lusajo alisema wafadhili wanataka takwimu sahihi. Akaufuta mstari, akachapa orodha mpya.

Siku ya kupima, majina yaliitwa hadi la mwisho. Akina mama waliwafunga watoto mgongoni wakaondoka. Mmoja alibaki, kadi ya kliniki mapajani. Mama Skola aliikunja orodha, akamtazama Lusajo.

Mfagiaji alikuja, akafagia kuzunguka miguu ya yule mama.

"Tusekile," Lusajo aliita, bila karatasi.

Mama yule aliinuka upesi, akakaza khanga yake, akampa kadi. Mfuko wa kupimia ulikuwa mtupu kwenye ndoano ya mzani, ukiyumba kwa upepo. Lusajo aliushika mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri, akafungua kalamu.

Yule mama alisogea karibu, aone anaandika nini.