Shavu la Siwema

Siku hizi mtoto halii kwa daktari wa meno. Maumivu yake humhamia mtu mzima ambaye mtoto mwenyewe anampenda kuliko wote, na kina mama hutoka kliniki wameshika mashavu huku wakitamba.

Eliwaza aliomba ruhusa kazini ili kwa mara ya kwanza ampeleke mwenyewe binti yake, Anande. Siwema, dada wao wa kazi, aliachwa nje kwenye benchi na mkoba wa mtoto. Eliwaza akakaa kando ya kiti, akakaza meno, akangoja.

Daktari alianza kukwangua ukoga. Eliwaza hakusikia kitu.

"Una mkono mwepesi, daktari," alisema kwa sauti, ili kina mama waliokaa kando ya viti vingine chumbani humo wasikie.

Daktari alichukua chuma chenye ncha. Akagusa jino lililotoboka.

"Yalaa! Mama yangu!" Ukelele ulitoka nje, kwenye benchi.

Kina mama wote waligeukia mlango, kisha, taratibu, wakamtazama Eliwaza. Uso ukamshuka. Akainua mkono, akashika shavu lake na kuguna kama anayeumwa.

Daktari alitoa chuma mdomoni mwa mtoto.

"Pole, dada!" Anande aliita kuelekea mlangoni. Halafu akamwinamia mama yake, akamnong'oneza, "Shusha mkono, mama. Wanakuangalia."