Kumwongeza Mama Kasi

Marehemu waliohifadhiwa kwenye chipu hupewa umeme dakika chache tu kila Ijumaa, na sisi tulikuwa na mengi ya kumwuliza mama. Dada yangu Mwanaidi akamtia mkobani, tukampeleka kwa fundi Sefu amwongeze kasi. Fundi alibandua stika, maana stika hudanganya, akasoma herufi za kwenye chipu yenyewe.

"Aina hii inastahimili kasi," alisema. "Atawajibu upesi. Ila kwake yeye, dakika itakuwa ndefu."

Hatukuuliza ndefu kiasi gani.

Ijumaa Mwanaidi akamwasha sebuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti yake hasa. Mwanaidi akakunjua karatasi ya maswali yetu, akitafuta pa kuanzia.

"Mbona mmenyamaza miaka yote hii?" mama akauliza. "Nilidhani mmekufa."