Kiapo cha Mzee Buku

Katika mji wa bandari wa wanyama, ukoo wa Panya Buku ndio uliouza chai, na ndio uliokalia viti vya baraza. Mzee Buku alishika maghala. Mdogo wake, Kidari, aliongoza baraza.

Siku moja Simba, mfalme wa ng'ambo, akatoza ushuru chai yote iingiayo bandarini. Mzee Buku alifurahi kimoyomoyo, maana maghala yake yalijaa chai ya zamani, iliyoingia kabla ya ushuru. Akapanda jukwaani.

"Jamani, mpaka lini tutanyonywa na mfalme asiyetujua hata kwa sura? Tuape leo: chai yake hatuigusi."

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Digidigi, mwepesi wa kupandwa na jazba, akarukia juu ya pipa.

"Kwa nini yake tu? Tususe chai yote!"

"Chai yote!" wakaitikia, mikia juu. Mzee Buku alitaka kupinga, lakini tayari walishambeba mabegani kama shujaa. Ikabidi naye aape.

Kuanzia kesho yake kila nyumba ilichemsha mchaichai. Chai ikaota ukungu ghalani, na Mzee Buku akakimbilia kwa Kidari.

"Ndugu yangu, itisha baraza, ukifute kile kiapo."

Kidari alikuwa na kikombe mkononi, kinafuka mvuke.

"Kaka, nikikigusa kiapo kile wataning'oa kitini. Hebu keti kwanza, uonje mchaichai huu. Umechumwa mlangoni kwako. Shemeji ndiye anayeniletea kila asubuhi."