Gia ya Meno Kumi na Mbili

Mashine ilikuwa imeshaanza kuchonga ubao pale mke wa seremala alipoiona gia ya meno kumi na mbili kwenye kifuniko cha chupa ya chai, bado ina grisi.

Jana waliifunga wenyewe kwenye mota, baada ya kubishana mchana kutwa. Seremala alitaka ile ya meno ishirini na nne, mashine ikimbie. Mkewe alitaka hii, ya taratibu lakini yenye nguvu, akaiandikia hesabu zake zote kwenye kompyuta inayoiongoza mashine.

"Baba watoto, mbona hii iko hapa?"

"Nimeibadilisha asubuhi," akajibu, meno nje. "Si unaona inavyochanja mbuga!"

"Na kompyuta umeiambia?"

Walikuwa na kibanio kimoja tu, kwa hiyo ncha ya pili ya ubao seremala alikuwa ameikandamiza kwa kiganja, upana wa vidole vitatu kupita mstari wa penseli. Kisu kilipaswa kugeukia kwenye mstari huo.

Kompyuta bado ilihesabu kwa gia ndogo. Kisu kilikuwa kinakwenda mara mbili ya umbali uliopangwa.

Kikaufikia mstari, kikaupita.